Arubuni yetu iko wapi? Historia ya safari zilizofutwa

Najua mnanidai sehemu ya pili ya ile makala ya indeksi za databesi. Itakuja, msinichoke. Leo nataka kuzungumzia safu moja tu ya jedwali moja, ambayo niliiandika mwaka wa 2018 bila kufikiri hata dakika mbili. Safu yenyewe niliiita "arubuni_inarudi", na kwa kila mteja thamani yake ilikuwa 0. Sifuri, yaani hairudi.

Kampuni niliyoiandikia programu hiyo ni ndogo, inapeleka vikundi vya makanisa na vyama vya akina mama kutembea. Januari 2020 wakala wao alifika Matulo, kwetu, karibu na Webuye, akakutana na chama cha shangazi yangu baada ya ibada. Akina mama 18 walikuwa wameweka akiba kwa muda mrefu ili waone bahari. Bei ilikuwa shilingi 14,000 kwa kila mmoja: basi hadi Nairobi, treni ya Madaraka Express hadi Mombasa, malazi na chakula. Wakalipa nusu, 7,000 kila mmoja, wakaandikishwa kusafiri wiki ya Pasaka.

Mnakumbuka kilichofuata. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 6 Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Nairobi, na tarehe 8 ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Pasaka ilikuwa tarehe 12. Meneja alipobonyeza kitufe cha kufuta safari, programu yangu ilituma ujumbe kwa simu zote 18: "Safari yako imefutwa. Arubuni hairudishwi. Asante kwa kusafiri nasi."

Hiyo "asante kwa kusafiri nasi" bado inanitoa jasho.

Shangazi alinipigia usiku huohuo. "Baba, hii mashine yako inasema pesa zetu zimekwisha. Zimekwisha zikienda wapi? Sisi hatujatoka hata Matulo."

Sikuwa na jibu. Maneno "arubuni hairudishwi" sikuyatunga mimi, wala kampuni haikunipa. Niliyanakili kutoka kwa tovuti ya kampuni nyingine, ambayo bila shaka iliyanakili kwingine. Ndipo nikaanza kusoma, kwa sababu wakati wa amri ya kutotoka nje usiku mtu angefanya nini kingine? Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na neno lenyewe. Arubuni tumelipata kwa Waarabu, kwao ni urbun. Lakini ni kuukuu kuliko Uislamu na Ukristo. Kwa Kiebrania ni eravon, na wanaosoma Biblia watalikuta katika Mwanzo 38, pale Yuda anapoacha muhuri wake, kamba yake na fimbo yake kama dhamana ya mwana-mbuzi aliyeahidi kumleta. Wagiriki walilichukua likawa arrabon, Warumi wakalifupisha kuwa arrha, na Wafaransa mpaka leo wanasema arrhes. Kwa hiyo neno lililo kwenye databesi yangu limesafiri na wafanyabiashara wa Mediterania na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya miaka elfu mbili. (Msilichanganye na kurubuni, ingawa usiku ule shangazi angesema ni kitu kimoja.)

Kilichonishangaza ni kwamba kila jamii iliyolipokea neno hili iligombana juu ya swali lilelile la shangazi. Katika fiqhi ya Kiislamu, madhehebu matatu kati ya manne makubwa ya Sunni, yaani Hanafi, Maliki na Shafii, yaliikataa biashara ambayo mnunuzi akighairi muuzaji anabaki na arubuni. Hoja yao ilikuwa kwamba muuzaji anakula mali ya mtu bila kumpa chochote. Madhehebu ya Hanbali ndiyo yaliyoruhusu. Sasa tazama: Waislamu wengi wa pwani yetu ni Washafii, kwa hiyo neno lenyewe lilikaa kwenye lugha ya watu ambao wanazuoni wao hawakuipenda biashara hiyo! Mwaka wa 1993 baraza la fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, likikutana Brunei, liliikubali arubuni, ila kwa sharti kwamba muda wa mnunuzi kuamua uwekwe wazi.

Wafaransa nao waliliandika katika kitabu chao cha sheria cha 1804, kifungu cha 1590, kwa namna ambayo mwandishi yeyote wa programu ataipenda. Mnunuzi akighairi, anapoteza arubuni. Muuzaji akighairi, anairudisha mara mbili. Soma tena hapo. Kanuni ina pande mbili. Programu yangu ilikuwa na upande mmoja tu.

Sasa twende Uingereza, kwa sababu sheria yetu ya mikataba imetoka huko. Juni 1902 mfalme Edward wa Saba alikuwa atawazwe. London yote ilikuwa imepangisha madirisha na roshani kwa watu waliotaka kuona msafara ukipita. Bwana Henry alikubali kupanga vyumba vya Bwana Krell katika mtaa wa Pall Mall kwa siku mbili, tarehe 26 na 27 Juni, kwa pauni 75. Alitanguliza 25. Tarehe 24 mfalme akapelekwa kwenye upasuaji wa kidole tumbo, na sherehe ikaahirishwa hadi Agosti. Krell akadai pauni 50 zilizobaki. Mwaka wa 1903 mahakama ya rufaa ilisema Henry halipi, kwa kuwa msingi wa mapatano yao ulikuwa ule msafara, na msafara haukuwepo.

Vizuri, mtasema. Subirini. Mwaka uliofuata ilikuja kesi ya Chandler na Webster, ambayo ilihusu chumba kingine cha kutazamia msafara uleule, kwa pauni 141 na shilingi 15. Chandler alikuwa amelipa 100, na salio lilikuwa limeshafika wakati wa kulipwa kabla ya mfalme kuugua. Majaji walisema hasara ibaki pale ilipoangukia. Kwa hiyo Chandler hakurudishiwa zile 100, na juu ya hapo akaamriwa amalizie 41 na shilingi 15, kwa chumba ambacho hakukitumia, cha kutazama kitu ambacho hakikutokea! Kwa miaka karibu arobaini hiyo ndiyo iliyokuwa sheria huko. Ukisoma "hairudishwi" kwenye tovuti yoyote, unasikia mwangwi wa Chandler.

Kuna ya tatu ambayo inafaa wanaokwenda ufukweni. Bwana Hutton alikodi meli ndogo ili apeleke watu kutazama gwaride la manowari mbele ya mfalme na kuzunguka zilipotia nanga. Gwaride likafutwa, yeye akakataa kulipa. Mahakama ikasema manowari bado zipo, meli ipo, ungeweza kuzunguka. Lipa. Ndiyo kusema mvua ikinyesha Diani wiki yote, bahari bado ipo na hoteli ipo, usitegemee jaji akuhurumie.

Wakati huo sisi tulikuwa chini ya sheria gani? Hapa nilicheka peke yangu chumbani. Sehemu zetu za magharibi zilikuwa Uganda hadi 1902, zilipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki. Na katika himaya hiyo, kwa amri ya 1897, Waingereza walikuwa wameleta sheria ya mikataba ya India ya 1872. Kifungu chake cha 56 kinasema mapatano yakishindikana kutekelezwa yanakufa, na kifungu cha 65 kinasema aliyepokea faida kutokana na mapatano yaliyokufa airudishe. Airudishe! Yaani kama Chandler angepanga dirisha lake Mombasa badala ya London, kwa maandishi ya sheria hiyo angekuwa na haki ya kudai pauni zake 100.

Waingereza wenyewe walijirekebisha polepole. Kampuni ya Poland, Fibrosa, ilikuwa imeagiza mitambo ya nguo Leeds na kutanguliza pauni 1,000. Vita vya 1939 vikazuia kila kitu. Mwaka wa 1942 majaji wa ngazi ya juu walitupa kanuni ya Chandler, wakaamuru pauni 1,000 zirudi. Lakini hapo muuzaji naye alilia, kwa sababu alikuwa ameshaanza kutengeneza. Ndipo Bunge likatunga sheria ya 1943: pesa zilizotangulizwa zirudi, ila mahakama inaweza kumwachia mpokeaji kiasi cha gharama alizokwisha kutumia, ikiona ni haki. Kenya iliiacha sheria ya India na kuingia kwenye ya Kiingereza kuanzia 1961, kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Tuliingia, namshukuru Mungu, baada ya wao kumaliza kujifunza.

Kumbuka kwamba yote hayo ni ya safari iliyouawa na jambo lisilo kosa la mtu. Ukighairi kwa sababu umebadilisha nia, au harusi ya binamu imeangukia wiki hiyo, wewe ndiye uliyevunja mapatano, na kupoteza arubuni ya kiasi cha haki ni sehemu ya mchezo. Lakini hata hapo kuna mpaka. Mwaka wa 1993 baraza la majaji la London linalosikiliza rufaa za makoloni ya zamani liliamua kesi ya nyumba kutoka Jamaika ambapo muuzaji alikuwa amechukua asilimia 25 na kukataa kurudisha. Likasema kuiita arubuni hakutoshi. Ikizidi kiasi cha kawaida bila sababu, ni adhabu, na adhabu hairuhusiwi. Akina mama wa Matulo walikuwa wametoa asilimia 50.

Sasa upande wa mashine, maana hii bado ni blogu ya kompyuta. Kabla ya kompyuta, makarani wa ndege walihifadhi nafasi kwa kadi za karatasi. Mwaka wa 1946 American Airlines waliweka Boston mtambo wa umeme ulioitwa Reservisor. Halafu mwaka wa 1953 mkuu wa kampuni hiyo alikaa ndani ya ndege karibu na mwuzaji wa IBM, wakaanza kuzungumza, na mazungumzo hayo yakazaa SABRE, iliyoanza kazi 1960 na kukamilika 1964. Tatizo kubwa walilokuwa nalo lilikuwa watu wanaobuku na kutotokea. Kughairi kulikuwa bure, na kutotokea kulikuwa bure, kwa hiyo kiti kilipaa tupu. Dawa yao ilikuwa kuuza viti zaidi ya vilivyopo. Aprili 1972 Ralph Nader, mtetezi wa wanunuzi ambaye hukosi kumkuta katika historia hizi, alifika uwanjani Washington na tiketi mkononi akaambiwa ndege imejaa. (Walimchagua mtu mbaya sana wa kumwacha!) Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka wa 1976, ikaamuliwa kwamba anaweza kuishtaki kampuni kwa kuficha mtindo huo.

Nalitaja hili kwa sababu kuna wajibu wetu ndani yake. Mteja anayekaa kimya hadi asubuhi ya safari anaharibu kiti ambacho mwingine angekinunua. Ukighairi miezi miwili kabla, muuzaji ana nafasi ya kukiuza tena, na ukighairi usiku wa kuamkia safari hana. Kumtoza wa kwanza sawa na wa pili ni uvivu wa mwandishi wa programu. Najua, ni mimi.

Na kuna upande ambao ukiishi Kenya huwezi kuupuuza. Nchi za Ulaya zilipitisha mwaka wa 1990 agizo la kulinda wanunuzi wa safari za kifurushi, na jipya la 2015 linasema safari ikifutwa kwa sababu zisizozuilika, pesa zote zirudi ndani ya siku 14. Ni haki nzuri. Lakini Mei 2014 Uingereza ilipoonya raia wake wasiende Mombasa bila lazima, kampuni za Thomson na First Choice ziliwaondoa wateja wao na kusitisha safari za ndege za Mombasa hadi Oktoba. Wateja walikuwa na sheria ya kuwalinda. Mpishi wa hoteli, dereva wa teksi na mama wa kuuza vikoi hawakuwa na kifungu chochote. Hoteli zilifungwa, watu wakarudi makwao, wengine huku kwetu magharibi. Hasara haikufutika, ilihama tu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mteja arudishiwe kila senti kila mara, hata mwenye basi akiwa ameshalipa.

Tuje kwetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji, kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kulipwa fidia. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 ikafuata, na ilianza kutumika Machi 2013. Wengi hudhani inatoa siku saba za kughairi chochote ulichonunua mtandaoni. Sivyo. Siku saba ni za pale muuzaji alipokuficha habari zinazotakiwa, au hakukupa nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla ya kubonyeza. Asipokupa nakala ya mkataba, unapata siku 30. Sasa mkataba uliofanywa ana kwa ana nje ya ofisi ya muuzaji, mathalani kwenye uwanja wa kanisa Matulo, una siku kumi za kughairi bila kutoa sababu. Akina mama walikuwa na siku hizo kumi Januari. Hakuna aliyewaambia. Fomu yangu haikusema.

Nilimpelekea meneja haya yote, nikitegemea tutagombana. Hakugombana. Alifungua daftari lake tukahesabu. Tiketi za treni zilikuwa hazijanunuliwa. Hoteli ilikuwa imekubali kurudisha. Kilichokuwa kimekwenda kweli ni malipo ya basi na gharama ndogondogo, 1,900 kwa kila mama. Basi 5,100 zilipaswa kurudi, mara 18, yaani 91,800. Bila kujua tulikuwa tumefuata sheria ya 1943.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la pili. Programu haikuweza kurudisha pesa. M-Pesa kwa biashara ina njia mbili tofauti: moja ya kupokea kutoka kwa wateja, nyingine ya kulipa wateja, na kila moja inaombwa na kufunguliwa peke yake. Sisi tuliomba ya kupokea tu. Hakuna aliyewahi kufikiria ile nyingine. Meneja alituma pesa kwa simu yake mwenyewe, mama mmoja baada ya mwingine, jioni mbili nzima, mimi nikimsomea nambari kutoka kwenye jedwali.

Kwa wanaopatwa na hali kama hii siku hizi: kuanzia Aprili 2021 tuna mahakama za madai madogo, ambazo zilianzia Milimani, Nairobi. Zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na zinatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unahitaji risiti, ujumbe wa M-Pesa, na tarehe uliyotoa taarifa ya kughairi, kwa hiyo itoe kwa maandishi, hata kwa SMS.

Chama kilibuku tena Desemba 2022. Safari hii nilikwenda mwenyewe Matulo na karatasi ya masharti, nikaisoma kwa sauti chini ya mti. Arubuni asilimia 20. Ukighairi siku 30 kabla, yote inarudi isipokuwa gharama zenye risiti. Siku kumi za mwanzo, yote bila swali. Nilijivuna kidogo, nakiri.

Shangazi alisubiri nimalize. "Hayo ni sisi tukifuta. Na ninyi mkifuta?"

Nilimpigia meneja simu palepale. Kurudisha mara mbili kama Wafaransa alikataa katakata, akakubali kurudisha yote ndani ya siku 14. Nikaandika kwa kalamu chini ya karatasi. Usiku huo niliongeza kwenye jedwali safu mpya, "nani_amefuta", yenye thamani tatu: mteja, kampuni, hakuna.

Ile ya zamani niliifuta.